Hati Miliki Ndani ya Shela

Nkt! Oktoba 2010, mjukuu wa malkia wa Uingereza aliupanda mlima wetu huu wa Kenya hadi Rutundu, kule juu penye ziwa na baridi ya kukata masikio, akatoa pete kwenye mkoba wa mgongoni na kumchumbia msichana wake. Akakubaliwa. Mbuzi hata mmoja hakuvuka barabara. Hakuna mzee wa Nanyuki aliyeitwa kuonja muratina, hakuna lango lililofungwa akina mama waimbe hadi walipwe, hakuna mama mkwe aliyenunuliwa tangi la maji. Wakateremka, wakaenda zao. Na huko kwao watu hawakushangaa hilo. Walishangaa kwamba mwana wa kifalme anachukua binti wa watu wa kawaida, ambaye mababu zake upande wa mama walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe.

Guka wa hapa kijiweni hajaimeza habari hiyo hadi leo. "Wazazi walikuwa na kampuni ya kuuza vifaa vya sherehe. Binti kasoma chuo kikuu kimoja na huyo mwana wa kifalme. Halafu eti mtu wa kawaida! Basi mimi mwenye miti yangu ya kahawa, niliyobaki nayo, ni kiumbe gani?"

Cucu anayetuuzia chai na nduma akamjibu bila kuinua kichwa: "Wewe ni deni, Guka. Hata hiyo chai hujalipa."

Tunakaa hapa Nyeri mjini, karibu na bustani inayoitwa Whispers, kwa heshima ya Wahome Mutahi, mwana wa hapa hapa, aliyezaliwa 1954 na kututoka 2003. Wenye umri mnamkumbuka. Kila Jumapili gazetini alikuwa akituletea visa vya nyumba moja: baba mpenda chupa, mama aliyepewa jina la Thatcher, mtoto wa kiume asiyeshikika, na binti aitwaye Pajero. Pajero, jamani! Gari la wakubwa wa miaka hiyo. Na baba mtu alimhesabu huyo binti kama kitegauchumi, akingoja siku wakwe watakapobisha hodi. Nchi nzima ilicheka. Lakini nawaambieni, kila baba aliyecheka alikuwa na Pajero wake jikoni akichambua maharagwe ya githeri, na alikwishampigia hesabu.

Leo mashitaka yaliletwa na kijana wa bodaboda. Anataka kuoa upande wa Mukurweini. Wazee wake wameshakwenda kuhanda ithĩgĩ, ile hatua ya kwanza ya kuweka alama kwamba hapa pana mtu, na wamerudi na karatasi. Zamani wazee walirudi na vijiti vya kuhesabia, siku hizi ni karatasi iliyochapwa kwa kompyuta. Mbuzi wamo, lakini si wa miguu minne. Ni wa kulipwa kwa simu, kila kichwa na bei waliyokubaliana wazee chumbani. Mwatĩ na harika wamo, kondoo wa kuchinjwa wamo, mablanketi ya akina mama, asali, sufuria, tangi. Halafu chini kabisa, kwa maandishi ya mkono, mtu kaongeza kwamba binti ni muuguzi mwenye diploma.

"Mwalimu," akaniuliza, "hiyo diploma ni mbuzi wa aina gani?"

Guka alikasirika. Akasema vijana wanaona pesa tu, hawaoni kwamba deni la ukwe haliishi kwa makusudi, ili nyumba mbili zisiachiliane mkono. Na ana haki. Jomo Kenyatta aliandika hivyo hivyo mwaka 1938 katika Facing Mount Kenya, akiwaambia Waingereza kwamba mwanamke hakuwa akinunuliwa, bali koo mbili zilikuwa zikifungwa pamoja. Hata sheria yetu ya ndoa ya 2014 inalijua jambo hilo kwa njia yake: palipo na mahari katika mila, kutoa sehemu ndogo tu kunatosha kuthibitisha kwamba ndoa ipo. Sehemu ndogo! Kijana akaniomba nimwandikie kifungu hicho kwenye kiganja aende nacho Mukurweini. Nikamwambia akienda nacho arudi akitembea kwa miguu, pikipiki itabaki huko.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Guka. Mila haikuandika diploma kwenye karatasi ile. Mila ilihesabu mbuzi, na binti wa mzee mwenye mashamba na binti wa muhoi asiye na shamba lake walikuwa na hesabu zinazofanana kwa kiasi fulani. Kilichoingia katikati ni cheo. Muuguzi ana bei, mwalimu ana bei, aliye na digrii ya pili karo yake inarudishwa kimyakimya, na aliye ng'ambo, Ngai, huyo wazee wanaitana kwanza faraghani. Ngazi imesimikwa uani, na kila mkwe anaambiwa aonyeshe yuko kipago cha ngapi. Halafu bonasi ya chai ikiingia mwezi wa kumi, Desemba yote ni mahema meupe kuanzia Othaya hadi Kerugoya, na kadi za mwaliko zimejaa Injinia Fulani, Daktari Fulani, Mheshimiwa Fulani. Hakuna kadi inayosema baba wa bwana harusi ni mchuma chai.

"Na kwa wenzetu huko duniani?" akauliza fundi viatu, ambaye huwa hasemi mpaka asikie jambo la mbali. "Wewe unayesoma vitabu vya Warusi."

Nikawaeleza. Kwa Warusi wa karne ya 19 mali ilitembea kinyume na kwetu, ikitoka kwa wazazi wa msichana kwenda kwa mwanamume. Kijana wa bodaboda akaruka juu: "Pasipoti inachukua muda gani?" Tulia kijana. Kule nako kulikuwa na ngazi, tena iliyopigwa muhuri. Mwaka 1722 mfalme Peter aliwapanga watumishi wa serikali, wa jeshi na wa ikulu katika daraja 14, kila daraja na namna yake ya kuamkuliwa, na tangu hapo baba mwenye binti alianza kwa kuuliza namba ya mkwe. Wafanyabiashara walikuwa pembeni, wenye pesa bila heshima. Chini kabisa walikuwa wakulima wasiojimiliki, waliouzwa na kuwekwa rehani na mabwana zao hadi walipoachiliwa mwaka 1861.

"Ahoi," akasema Guka.

"Ahoi hawakuuzwa, Guka."

"Lakini shamba halikuwa lao."

Nikanyamaza, maana hapo alinipata.

Basi nikawapa kisa cha Gogol, yule ambaye Christon Mwakasaka alitutafsiria tamthilia yake kwa Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ana nyingine iliyoitwa Ndoa, iliyopanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1842. Binti wa mfanyabiashara, Agafya, ana nyumba ya mawe na mali ya kuolewa nayo, lakini kaapa hataki mfanyabiashara mwenziwe, anataka bwana wa tabaka la juu. Mshenga, mama mmoja mwenye mdomo mrefu, anamletea msururu wa wachumba. Mmoja anakuja na orodha ya mali mkononi, anaikagua nyumba kama dalali wa mnada, bibi harusi atamtazama baadaye. Mwingine, ofisa mstaafu wa jeshi, sharti lake ni moja: mke ajue Kifaransa. Yeye mwenyewe hajui hata neno moja la Kifaransa.

Kijiwe kizima kiligeuka kumtazama karani mmoja aliyekuwa anapita ng'ambo ya barabara. Sitamtaja. Alikataa wasichana watatu wa kijijini kwao kwa sababu Kiingereza chao hakipiti puani, na barua zake mwenyewe huandikiwa na dada wa saibakafe.

Mwisho wa tamthilia, bwana harusi aliyeshinda, Podkolyosin, yuko sebuleni kwa bibi harusi, kila kitu tayari. Anaogopa. Anafungua dirisha, anaruka, anapanda gari la farasi, anakwenda kwake kulala. "Alifanya busara," akasema Guka. Cucu akasonya sonyo refu hata moshi wa jiko ukayumba.

Kile cha pili hakikuwachekesha. Ni cha Ostrovsky, mwaka 1878, kuhusu Larisa, msichana mzuri wa mji mmoja kando ya mto Volga, ambaye mama yake ni mjane mwenye jina na mfuko mtupu. Hana mali ya kuolewa nayo. Anayempenda, bwana mwenye meli, anakwenda kuoa binti mwenye migodi ya dhahabu. Anayejitolea kumwoa ni karani mdogo anayetaka kupanda kimo kwa kuonekana ubavuni mwake. Na matajiri wawili wa mjini, mmoja mwenye mke tayari, wanarusha sarafu kuamua nani atamchukua kwenda naye Paris. Sarafu, ndugu zangu. Karani anampiga Larisa risasi. Hapo Cucu aliacha kumimina chai. Akasema kwa upole usio wake, "Kwetu kijana maskini ndiye anayekosa mke, kwao msichana maskini ndiye anayekosa mume. Maskini ni yule yule." Sijui profesa wa chuo gani angelisema vizuri zaidi.

Lakini aliyewapendeza wote ni Pushkin, kwa sababu ni damu yetu. Babu wa mama yake, Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akakulia kwenye nyumba ya mfalme Peter, akaishia kuwa jenerali. Kitukuu wake huyu, mshairi mkubwa kuliko wote wa Kirusi, alimtaka Natalia Goncharova, msichana ambaye Moscow nzima ilimgeukia. Jina la ukoo wa msichana lilikuwa kubwa, sanduku tupu. Mama mkwe akakataa katakata kumtoa binti bila mali, watu watasema nini? Unajua Pushkin alifanyaje? Baba yake alikuwa amempa wakulima 200 wasiojimiliki. Akawaweka rehani mwaka 1831, akapata rubles 38,000, na 11,000 kati ya hizo akampa mama mkwe, ili mama mkwe apate mali ya kumpa binti, binti aje nayo kwa Pushkin. Kijana wa bodaboda aliomba nirudie. Nikarudia. Bwana harusi alikopa pesa za kujiletea.

Na haikuishia hapo. Mfalme wa enzi hiyo akampa cheo kidogo cha ikulu, cha kuwafaa vijana wadogo, ili mke mrembo apate kualikwa kwenye dansi za wakubwa. Dansi zinataka magauni, magauni yanataka madeni, na dansi hizo ndizo zilizomletea ofisa wa Kifaransa wa kumzungukia mkewe. Ofisa huyo alimwoa dada wa Natalia, na mwezi huo huo akamuua Pushkin katika pambano la bastola. Shemeji kamuua shemeji. Ilikuwa 1837, na Pushkin alikuwa na umri wa miaka 37.

"Wale wakulima 200 je?" akauliza fundi viatu.

Hilo ndilo swali, na ndilo linalonirudisha nyumbani. Kwa sababu mimi naona katika hadithi zote hizi kuna mtu au kitu ambacho hakipo ukumbini, hakikuvaa suti, hakikukata keki, na ndicho kilicholipa. Kwao walikuwa watu wenye jembe. Kwetu ni hati ya shamba.

Mnakumbuka Ngaahika Ndeenda? Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliiandika pamoja na watu wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Guka alinikatiza kwa ukali kwamba Limuru ni Kiambu na watu wa Kiambu wana mambo yao. Sawa, Guka. Lakini hati ya shamba ya Kĩgũũnda ingeweza kutundikwa ukuta wowote kutoka Limuru hadi Nanyuki. Ekari moja na nusu. Kĩgũũnda ni kibarua katika shamba la tajiri Ahab Kĩoi, na mali yake ya kujivunia ni hiyo karatasi ukutani. Ana mke, Wangeci, na binti, Gathoni, ambaye anapendana na mtoto wa tajiri. Siku moja tajiri na mkewe Jezebel wanatangaza kwamba watamtembelea kibarua wao nyumbani. Wazazi wa Gathoni wanaruka kwa furaha: posa hiyo!

Si posa. Hapo ndipo ninapowavulia kofia waandishi hawa. Tajiri hakuja kuomba kitu wala kudai kitu. Amekuja na nasaha. Anawaambia Kĩgũũnda na Wangeci, waliooana kimila na kuishi pamoja miaka yote hiyo, kwamba wanaishi katika dhambi, kwa hiyo waende kanisani wafunge ndoa kamili. Shela, pete, keki. Wazazi hao wanawatimua mwanzoni. Lakini usiku wanalala wakiwaza: tukiwa watu wa harusi ya kanisa, tutakuwa wakwe wanaolingana nao, na mtoto wetu ataolewa. Pesa? Tajiri ana jibu, benki anaijua. Dhamana? Ile karatasi ukutani. Nyumba inajaa vitu vipya vya mkopo. Kisha Gathoni anapata mimba, mtoto wa tajiri anamkana, baba mtu anawaambia wazi kwamba nyumba yake haioani na nyumba kama hiyo. Kĩgũũnda anashika upanga, Jezebel anaingia na bastola. Kazi inakwenda, mkopo unaitwa, shamba linapigwa mnada. Mnunuzi ni nani? Nendeni mkasome wenyewe, ingawa nadhani hata mtoto wa chekechea keshajua.

Kijana wa bodaboda alikaa kimya. Baadaye akasema: "Kwa hiyo aliibiwa kwa kubarikiwa." Sikuwa na la kuongeza.

Gogol aliwacheka wenye vyeo, na wenye vyeo wakalipa tiketi waje wajione. Tolstoy aliwachambua mabwana na mabibi, na mabwana na mabibi ndio waliokuwa wakingoja jarida lije na sura inayofuata. Kamĩrĩĩthũ palikuwa na jambo jingine. Waliopanda jukwaani walikuwa vibarua wa mashamba na wa viwanda, jukwaa walilijenga kwa mikono yao, na waliokaa mbele kutazama walikuwa ni wao wenyewe, kwa Gĩkũyũ chao. Onyesho la kwanza lilikuwa 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akachukuliwa usiku, akawekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kufikishwa kortini. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Yote hayo kwa sababu ya harusi! Wangeonyesha vita, pengine wangesamehewa. Walionyesha keki na hati ya shamba kwenye meza moja.

Na tukiwa hapo, Warusi wenyewe walikuwa na mkono mdogo katika safari ya Ngũgĩ. Mwaka 1975 aliimalizia riwaya yake ya Petals of Blood huko Yalta, akiwa mgeni wa chama cha waandishi wa Kisovieti, katika mji ule ule ambao Chekhov aliishi miaka yake ya mwisho. Chekhov naye ni mjukuu wa mkulima asiyejimiliki, aliyejinunulia uhuru yeye na familia yake. Haishangazi kwamba hadithi zake zimejaa wasichana wanaoozwa kwa vyeo na wazee wanaohesabu nishani.

Guka, ambaye hakupenda Kiambu ichukue sifa zote, akatuletea mtu wa kwetu, na safari hii nilimshukuru. Gakaara wa Wanjaũ, wa Tumutumu. Mwanafunzi wa Alliance aliyefukuzwa baada ya mgomo, akaenda jeshini wakati wa vita, akarudi kuandika. Kijitabu chake cha 1946 kilikuwa Ũhoro wa Ũgũrani, habari za kuoa na kuolewa. Si siasa, si dini. Nadhani aliijua mioyo ya vijana waliorudi kutoka vitani na viatu vya jeshi bila mbuzi. Wakoloni walimweka kizuizini tangu 1952 kwa miaka mingi, na shajara aliyoiandika humo ilikuja kutunukiwa tuzo ya Noma mwaka 1984. Matbaa yake ilikuwa Karatina, hapo hapo watu wanaposhukia kununua viazi, na wengi wanapita bila kujua.

Kisha Cucu akamtaja Wangari, na ilibidi amtaje yeye, kwa sababu sisi wanaume tulikuwa tumelikwepa jina hilo tangu asubuhi. Wangari Maathai wa Ihithe, Tetu, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Mumewe alikuwa mbunge wa Lang'ata. Kwa hesabu za kadi za mwaliko, hiyo ilikuwa ndoa ya vyeo viwili, na wakwe wote wangefurahi. Lakini ngazi ina tabia hii: mwanamke anaruhusiwa kuipanda hadi chini kidogo ya miguu ya mumewe. Mwaka 1979 ndoa ikavunjwa mahakamani, magazeti yakiandika kila siku, na maneno yaliyozagaa mitaani yalikuwa kwamba amesoma mno, ni mkaidi mno, hashikiki. Alipomsema hakimu hadharani akahukumiwa miezi sita kwa kuidharau mahakama, akatolewa baada ya siku tatu. Mume akamtaka aliache jina lake. Yeye akaongeza herufi moja ya a katikati, jina likawa lake.

Wasomaji wa Tolstoy watamkumbuka Anna Karenina, mke wa mkubwa wa serikali, aliyemwacha mumewe kwa ajili ya ofisa kijana. Huyo ofisa aliendelea kukaribishwa nyumba zote. Anna alipojitokeza ukumbi wa maonyesho, bibi wa kiti cha jirani alimtukana, akainuka akaondoka. Mume alikataa kumpa talaka. Kitabu kinamtuma kwenye reli. Mimi nampenda Tolstoy, lakini nikilinganisha naona kwamba Tetu ilitoa mwisho bora. Mtalaka wetu alipanda miti, na mwaka 2004 akapokea tuzo ya amani ya Nobel, na wale waliomcheka wakapanga foleni kupigwa picha naye. Cucu anasema aliwaona.

"Na Wambui Otieno?" akachokoza fundi viatu, akijua anachokifanya. Ah! Mwaka 2003 mjane huyo wa wakili mashuhuri, mwenye ardhi na jina la ukoo wa Waiyaki, aliolewa na fundi wa mawe aliyekuwa mdogo wake kwa takriban miaka 40. Alikuwa na miaka 67. Guka alitema mate chini. Cucu akamuuliza: mzee wa miaka 67 angemwoa msichana wa miaka 25 hapa Nyeri, ungetema mate au ungeomba ualikwe? Bunge letu lilivunjika kwa dakika kadhaa, kila mtu na kelele zake. Mimi msimamo wangu ni huu: nchi haikushtushwa na umri. Ilishtushwa kwamba mali ilikuwa upande wa sketi, na fundi wa mawe alipanda ngazi bila kupitia kwa wazee.

Mwangi Gicheru alikuwa ameshalijaribu jambo hilo katika riwaya, Across the Bridge, mwaka 1979, kijana mtumishi wa nyumbani na binti wa tajiri. Vijana wa enzi hizo walikisoma kitabu hicho hadi kurasa zikatoka. Kila mmoja wao alijiona yuko ng'ambo ya daraja. Wengi wao leo ndio wanaoandika diploma kwa kalamu chini ya karatasi za wakwe.

Naam, Ngaahika Ndeenda imerudi. Mei 2022 ilipanda jukwaa la ukumbi wa taifa Nairobi, karibu miaka 45 baada ya leseni kufutwa, na hakuna aliyekamatwa. Watu walivaa vizuri wakaenda, wakapiga picha mlangoni. Ngũgĩ mwenyewe alituaga Mei 2025, mbali na nyumbani. Sijui kama ni ushindi au ni dalili kwamba tumeshazoea. Kilichopigwa marufuku mwaka 1977 leo ni burudani ya Jumamosi, na Jumatatu watu wale wale wanapanga foleni kwenye sacco kuomba mkopo wa hema na keki ya ghorofa tano.

Kijana wa bodaboda aliniomba ushauri nikampa. Aende na mbuzi anaowaweza, wazee wake wasimame kidete kwenye mwanzo wa deni kama sheria inavyowaruhusu, na pikipiki isiguswe. Kama huko Mukurweini wanataka diploma ilipwe, wakamdai aliyeitoa. Guka alikataa ushauri wangu wote isipokuwa ule wa pikipiki.

Na nyinyi mlioniingiza kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi bila kuniuliza, la Desemba, lenye bajeti ya helikopta ya bwana harusi kushukia uwanjani: mchango wangu nitautuma. Kabla ya hapo mwenyekiti anijibu hapo hapo kundini, mbele ya wanakamati wote, hati ya shamba la baba wa bwana harusi iko kwenye sanduku lake au iko benki.